Siku Thelathini na Tisa za Bibi Oksenja

Jumatatu ya tarehe kumi Machi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kwenye kijiukumbi cha kuvulia viatu cha iliyokuwa shule ya kijiji, palikuwa na jozi saba za viatu, na watu waliokuwa ndani walikuwa sita. Sulo, mwenye studio na fundi wa mitambo, alizihesabu mara mbili. Maisha yake yote amehesabu nyaya, na tabia hiyo haimwachi hata akiwa na mswaki mdomoni. Jozi tano zilikuwa za bendi: buti nyeusi zenye vifungo vya chuma vingi kuliko mguu unavyohitaji. Ya sita ilikuwa yake mwenyewe. Ya saba ilikuwa buti za kijivu za sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, zimevishwa juu yake kalosha za mpira za kuzuia maji, zimepangwa ncha zikiangalia mlangoni, kama wafanyavyo watu wasiokusudia kukaa sana.

"Za nani hizi?" aliuliza Sulo.

Taneli Räty, mpiga kodiani wa bendi, alichomoza kichwa kutoka jikoni. Aliziangalia.

"Za Bibi Oksenja."

"Yule aliyezikwa majuzi?"

"Ndiye."

"Basi naongeza kijiko kimoja cha kahawa," alisema Sulo, akaenda kukiongeza.

Bibi Oksenja Vornanen alikuwa ameketi kwenye chumba kilichokuwa darasa la watoto wadogo, benchi la karibu na jiko la matofali. Alifariki tarehe kumi na tatu Februari akiwa na miaka tisini na minne, na sasa alikuwa nayo hiyo hiyo. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa chini ya kidevu, na mapajani alikuwa na taulo la kitani lenye tarizi nyekundu. Aliwakagua wanamuziki mmoja mmoja, nywele zao ndefu na michoro ya mikononi, kama mtu anayekagua ng'ombe wa jirani.

"Wembamba hawa," alisema. "Hakuna anayewapikia?"

Bendi iliitwa Hallavyö, maana yake mkanda wa jalidi. Kwa miaka kumi na moja ilikuwa imeishi kwa nyimbo za kunywea. Walikuwa na wimbo kuhusu bia, wimbo kuhusu kukosekana kwa bia, na wimbo wa dubu aliyeingia kijijini akaimaliza bia yote. Huo wa dubu ndio uliowafikisha mpaka Ujerumani. Jukwaani walivaa ngozi za kondoo na pembe za plastiki, na watu wazima wenye kazi za heshima waliwafuata wakirukaruka. Halafu umri ukaanza kuwapigia hodi. Mpiga gitaa aliumwa mgongo. Kampuni iliyowatolea muziki iliwaandikia kwamba nyimbo za bia zimejaa ghalani, kwa hiyo albamu ijayo iwe na uzito, ama isiwepo. Taneli ndiye aliyewajibu kwamba uzito anao.

Na kweli alikuwa nao, ndani ya simu yake. Lakini haukuwa wake.

Katika sehemu ile ya Ilomantsi, wilaya ya mpakani, kwenye zile familia zilizovushwa mpaka wakati wa vita na ng'ombe wao na sanamu zao za watakatifu, mtu hazikwi tu. Hulizwa, yaani huimbiwa kilio. Mwanamke anayejua maneno humsindikiza kwa ombolezo lenye sehemu tatu. Ya kwanza huwaamsha waliotangulia, wajue kwamba kuna mgeni. Ya pili humzungusha marehemu nyumbani kwake aage jiko, zizi na kizingiti. Ya tatu hufungua lango. Bila hiyo ya tatu mtu anakuwa ameamshiwa wenyeji na ameaga kwake, na bado amesimama uani na mzigo begani.

Bibi Oksenja alikuwa amewaliza watu kwa miaka sabini, na mwishoni hakubaki wa kumliza yeye. Hilppa, binti yake wa pekee, hakujifunza. Utotoni darasani walimcheka kwa lafudhi na kwa mama anayelia kwa kazi, akaapa kwamba mdomo wake hautayatamka maneno hayo, na watu wa kule wakiapa wameapa. Kwa hiyo mwezi wa Januari bibi alimwita Taneli, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akija kwake kila Alhamisi kula na kuuliza maswali. Aliketi mezani jikoni kwake, akajifunika uso kwa taulo, akajililia mwenyewe kwenye simu ya Taneli mwanzo mpaka mwisho, dakika kumi na tisa.

"Jifunze," alimwambia. "Siku ya kunishusha uimbe. Koo likikataa, iweke simu juu ya jeneza iimbe yenyewe. Mimi sina makuu."

"Nitafanya, bibi."

"Na usimpe mtu."

"Simpi, bibi."

Maziko yalikuwa Jumamosi, tarehe mosi Machi. Siku hiyo Hallavyö walikuwa Leipzig, ndani ya ukumbi wa watu mia nne, wakipiga wimbo wa dubu. Taneli alimwandikia Hilppa kwamba ameshikwa na mafua makali. Hilppa alimjibu anywe juisi ya moto ya zabibu nyeusi, apone, na asijisumbue, kwa kuwa mlango bado uko wazi mpaka siku ya arobaini. Atakuja kumliza mama siku hiyo. Taneli aliusoma ujumbe huo akiwa bado amevaa pembe.

Wiki iliyofuata aliliingiza ombolezo kwenye mitambo ya Sulo, na Jumatatu bibi akaja.

Hakuja na hasira. Hilo Taneli angeliweza. Alikuja akiwa amefurahi, maana aliposikia magitaa, ngoma mbili za miguu, fidla na kodiani, alidhani wanafanya mazoezi ya kumliza.

"Sikujua mngefika mbali hivi," alisema akiangalia spika. "Marehemu mume wangu alilizwa na wanawake watatu tu, na mmoja alikuwa amelewa."

Kalervo, mwimbaji, alikuwa anapima kipaza sauti. Kalervo ni mwalimu wa chekechea. Mwaka mzima hufunga vifungo vya makoti ya watoto kwa upole, na likizo zake hunguruma kama trekta lililonasa matopeni. Alivuta pumzi, akanguruma ubeti mzima.

"Huyu anaumwa?" aliuliza bibi.

"Hapana, bibi, anaimba," alisema Varpu, mpiga fidla.

"Mpeni maziwa ya moto hata hivyo."

Wakampa, na sauti yake ikatoka vizuri zaidi. Kuanzia hapo mambo ya koo wakamwachia bibi.

Siku zile zilikuwa nzuri. Jua la Machi lilikaa juu ya theluji mpaka jioni, na matone yakaanza kudondoka kutoka paa la shule. Bibi alikuwa wa kwanza kuamka. Alikunja nyaya za Sulo kama uzi wa kufumia, aliwapigia kelele ndugu wawili, yule wa gitaa na yule wa ngoma, waliokuwa wakiacha kopo la siagi wazi, na saa nne alikunywa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Siku ya Ijumaa Sulo alimwuliza kama angependa kuimba upya, kwa sababu rekodi ya simu ilikuwa na mlio wa friji.

"Naam, na mimi siku ile nilikuwa na kifua," alisema bibi.

Aliingia kwenye kile chumba kidogo kilichotandikwa magodoro ukutani, akajifunika uso kwa taulo, akaimba sehemu ya kwanza na ya pili. Mpiga ngoma, mtu asiyeongea siku za kazi, alitoka nje akasimama kwenye theluji na soksi. Sulo hakugusa kitufe chochote. Alisema baadaye kwamba hajawahi kurekodi sauti ambayo haikuhitaji kuguswa, na kwamba ilimuudhi kidogo. Wakaiweka sauti ile juu ya magitaa, na wimbo wao wa tatu, uliokuwa mzito kama kabati, ukanyanyuka kutoka sakafuni. Wakaiweka kwenye wa tano. Wakaiweka kwenye wa saba. Mwishoni mwa juma hakukuwa na wimbo usiokuwa na bibi ndani yake, na wote watano walijua kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yao wana albamu.

Kila asubuhi bibi alimwuliza Taneli swali moja.

"Ya ngapi leo?"

Marehemu hawahesabu siku. Kwao asubuhi ni moja tu, na kuhesabu wameachiwa walio hai. Ndiyo maana kwenye nyumba za kule kuna kalenda iliyotobolewa kwa sindano, na hakuna anayethubutu kuikosea.

"Ya thelathini na tano, bibi," alisema Taneli siku ya Jumatano, na ilikuwa kweli.

"Basi leo tujaribu lango. Nisije nikasahau maneno mbele za watu."

Aliingia kwenye chumba cha magodoro, akajifunika, akaanza:

*Kunjueni kitambaa cha kiza,*
*mkipokee kiumbe kikongwe*
*kwenye kiambo kisicho na kilio.*

Kwenye mstari wa pili alianza kufifia, kama maziwa yanapoongezwa maji. Ukuta wa nyuma yake ulionekana, pamoja na ile ramani ya zamani ya shule. Wakati huo huo mishale ya kupimia sauti kwenye mitambo ya Sulo ililala yote upande mmoja. Sulo alibonyeza kitufe, akagonga kioo, bibi akanyamaza, na taratibu akarudi kuwa mzito kama kawaida. Mishale ikasimama.

"Mbona umenikata?" aliuliza bibi.

"Waya, bibi," alisema Sulo. "Samahani. Waya."

Alipozisikiliza tena zile rekodi tatu za kwanza, sauti ya bibi ilikuwa imepungua kwa theluthi. Sulo ni mtu wa vitendo. Alitoa nakala kwenye diski mbili, nyingine kwenye utepe wa kizamani, nyingine akaifungia ndani ya gari lake, kisha akamwomba bibi aimbe ule mstari wa kwanza tu, taratibu. Nakala zote nne zilipungua sawasawa, pamoja na ya garini. Sulo akachukua kipande cha utepe wa karatasi, akaandika kwa penseli *Lango: lisitumike*, akakibandika juu ya mitambo.

Alhamisi walikaa kwenye sauna ya shule, watano wa bendi, mahali ambapo watu wa kule hawadanganyani kwa sababu hawana mfuko wa kuweka mkono. Jua la alasiri lilipita kwenye kidirisha. Taneli alimwaga maji juu ya mawe na kusubiri mvuke utulie.

"Akienda, anaenda na sauti," alisema. "Yote."

"Basi aende," alisema Varpu. "Tunajadili nini? Mpeleke Jumatatu kwa Hilppa, umwimbie, yaishe. Albamu tutapiga nyingine."

"Ya dubu sehemu ya pili?" alisema mpiga gitaa. "Mgongo wangu huu? Mimi nikirudi kwenye zile pembe, Varpu, nizikwe nazo."

"Ukizikwa nazo mimi sikulizi."

"We hujui kulia, unajua kununa."

"Jamani," alisema Kalervo, kwa sauti yake ya chekechea. "Yule ni bibi wa watu. Amekaa pale na taulo lake anasubiri. Mimi kila nikimwona nataka kumfunga vifungo vya koti nimtoe nje, wazazi wake wamefika."

"Na hapa kwetu amekosa nini?" aliuliza mpiga gitaa. "Anakula, anaota moto, anatufokea. Ananawiri kuliko mimi."

Wakapiga kura kwa mikono, kama walivyopiga kura juu ya kila kitu tangu walipochagua jina la bendi. Varpu na Kalervo walitaka aende. Ndugu wawili walitaka abaki. Yule wa ngoma aliinua mkono akiwa ameinamisha kichwa, lakini aliuinua. Wakamgeukia Taneli, ambaye alikuwa ameshika kata ya maji.

"Kwani ulimwahidi nini?" aliuliza Varpu.

"Siku yake ningeimba. Sikusema zote tatu."

"Taneli."

"Sikusema."

Aliweka kata chini, akainua mkono. Hakuuinua juu sana. Ulifika kwenye sikio tu, lakini kura haipimwi kwa rula. Varpu alitoka, akajitupa kwenye theluji, akakaa humo kwa muda mrefu kuliko inavyoshauriwa. Siku iliyofuata alipiga fidla yake kwenye wimbo wa tano kwa namna ambayo Sulo hakuhitaji kumwomba arudie. Hakujitoa kwenye bendi, na jambo hilo hakumsamehe mtu yeyote, hasa yeye mwenyewe.

Jumatatu, tarehe ishirini na nne, siku ya arobaini kwa hesabu ya kweli, bibi alikuwa amepiga pasi kitambaa chake na kuketi kwenye benchi la ukumbini kabla watu hawajanywa chai.

"Ya ngapi leo?"

Taneli alikuwa amevaa shati jeupe chini ya koti.

"Ya thelathini na saba, bibi."

Bibi aliangalia nje ya dirisha. Theluji ilikuwa imepungua mpaka chini ya ubao wa pili wa uzio.

"Imeyeyuka sana," alisema, "kwa siku moja."

"Jua kali."

"Ndiyo, jua." Akavua kitambaa, akakikunja, akarudi jikoni kumenya viazi.

Kwa Hilppa ni kilomita kumi na moja. Padri alikuwa ameshaondoka, wakabaki majirani watano na meza. Palikuwa na vikate vyembamba vya unga mweusi vyenye wali katikati, siagi iliyopondwa na mayai, na bakuli la ngano iliyochemshwa kwa asali, ambayo kila mmoja lazima aile angalau kijiko kimoja. Kwenye kichwa cha meza palikuwa na sahani na kijiko kwa ajili ya mama. Dirisha lilikuwa wazi upana wa kiganja, na taulo jeupe lilining'inia kutoka ndani kwenda nje ili apate pa kushika wakati wa kutoka.

"Umepona mafua?" aliuliza Hilppa. Ni mwanamke wa miaka sabini na mbili, mrefu, aliyesomesha hisabati maisha yake yote.

"Nimepona."

"Bado una rangi mbaya. Kaa, kula kwanza. Mama hana haraka."

Alikula. Kisha akasimama karibu na dirisha, akajifunika macho kwa leso, akaimba. Koo halikukataa. Aliimba sehemu ya kwanza, akawaamsha waliotangulia, na kule nje kwenye miti ya misonobari kukawa na mchakacho kama wa watu wengi wanaovaa makoti. Aliimba sehemu ya pili, akaaga jiko, akaaga zizi ambalo sasa lina mashine ya kukatia nyasi, akaaga kizingiti. Halafu akanyamaza. Majirani walingoja kidogo. Wale wazee wawili waliowahi kusikia maombolezo kamili walikuwa mmoja kiziwi na mwingine amelala. Nje, wale waliovaa makoti walingoja pia, kwa heshima, muda wa kutosha kuchemsha yai, kisha misonobari ikatulia.

Hilppa alilivuta taulo ndani, akalikunja mara nne, akafunga dirisha na komeo. Alienda kwenye mlango wa mbele, akaufungua, akaufunga, akasema yale maneno mafupi ambayo nyumba huambiwa baada ya siku ya arobaini, kwamba aliyekuwa wake si wake tena na asifunguliwe.

"Amekwenda," alisema, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Februari mabega yake yalishuka. "Asante, Taneli. Mimi nisingeweza. Unajua nilikuwa nalala vibaya? Namwona amesimama tu mahali, hana pa kwenda. Sasa basi."

Alimletea pea ya glavu za sufu, za kijivu zenye mstari mwekundu.

"Alikufumia wewe. Alisema ni za mtu atakayemliza, mikono yake itapata baridi makaburini."

Zilimtosha vizuri. Taneli aliendesha gari bila kuzivaa, na mikono yake ilipata baridi.

Alipofika shuleni bibi alikuwa anaepua viazi.

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani."

Bibi alimsogelea, akamnusa begani, kama alivyomnusa mtoto wake miaka mingi iliyopita akirudi kutoka mahali asipotakiwa.

"Unanukia ngano na asali."

Taneli alivua koti.

"Wamemfanyia nani?"

"Mtu mmoja wa kule kijijini."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Alifika vizuri?"

"Wanasema amefika."

"Afadhali yake," alisema bibi, akamwekea viazi vitatu kwenye sahani, na kile kikubwa kuliko vyote akakiweka juu.

Jumanne alipouliza aliambiwa thelathini na nane, na Jumatano thelathini na tisa. Alhamisi pia aliambiwa thelathini na tisa. Ijumaa hakuuliza.

Albamu ilikamilika mwisho wa Aprili, barafu ya ziwani ilipopasuka. Waliiita *Lango*, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Ilipotoka Septemba, waandishi wa magazeti ya muziki walisema Hallavyö wameacha utoto, na kwamba kuna sauti humo ambayo msikilizaji huhisi imesimama nyuma ya kiti chake. Kwenye jalada, kwa herufi ndogo, iliandikwa: *Sauti ya mwombolezaji: ya jadi.* Taneli aliyaandika maneno hayo mwenyewe. Ndivyo waandikavyo watu wa bendi kama zile pale ambapo wimbo hauna mwenyewe, na hakuna aliyehoji.

Bibi Oksenja alikwenda nao kila mahali. Alijaribu kwanza kurudi kwake. Mwezi wa Mei alitembea zile kilomita kumi na moja, akashika kitasa cha mlango wa nyumba aliyoijenga na mumewe, na nyumba haikumfunguka. Alirudi kwa miguu, akavua buti, akawaambia kwamba kitasa kinahitaji mafuta. Kuanzia hapo alikaa ndani ya gari la bendi, kiti cha dirishani nyuma ya dereva, na walipofika kwenye kumbi aliketi kando ya jukwaa akiwa na taulo mapajani. Kwenye mipaka hakuna aliyemwomba pasi. Hamburg alisema mkate wao ni mwepesi. Kila wimbo wa tatu ulipoanza alisimama, kwa sababu mtu husimama anapolizwa, na sehemu ya pili ilipoisha na magitaa yakaendelea na mambo mengine, aliketi tena.

Oktoba, kwenye siku ya mapumziko, Taneli alimpelekea Hilppa nakala ya albamu. Ingeweza kutumwa kwa posta, lakini Hilppa alikuwa ameiomba mkononi. Waliisikiliza jikoni kwenye redio ndogo ya juu ya friji. Hilppa aliweka mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza na hakuitoa mpaka mwisho.

"Ile kelele ya katikati siielewi," alisema. "Lakini mama... umemrekodi vizuri mno. Kama vile hajaenda popote."

"Ndiyo," alisema Taneli. "Ni kama hajaenda."

Hilppa alisimama kuchukua sufuria ya kahawa, akaangalia nje. Gari la bendi lilikuwa uani, chini ya mti usio na majani.

"Kuna mtu garini."

"Mwimbaji wetu mmoja."

"Na wewe umemwacha nje kama gunia la viazi? Mwambie aingie!"

"Hawezi kuingia humu."

"Anaogopa paka? Paka nimempa jirani."

"Hawezi tu, Hilppa."

"Haya, basi mpelekee." Alimimina kikombe kimoja kikubwa, akakiweka kwenye kisosi, akaongeza kipande cha sukari pembeni. "Na ukifunike kwa mkono, kuna upepo."

Taneli alivuka ua akiwa amekifunika kwa mkono. Bibi alishusha kioo. Alikuwa anaiangalia nyumba.

"Amepaka rangi madirisha," alisema.

"Ndiyo."

"Rangi mbaya."

Aliiweka sukari kati ya meno, akainywa kahawa kupitia sukari hiyo, polepole, mpaka machicha. Kisha akakipindua kikombe juu ya kisosi, kama wafanyavyo wazee wa kwao kuonyesha kwamba wameshiba, akampa Taneli, akapandisha kioo.

Hilppa alikipokea mlangoni kikiwa hivyo hivyo, kimepinduliwa. Alikishika kwa muda.

"Mama alikuwa anakipindua hivi."

"Watu wa zamani," alisema Taneli.

Hilppa alikipeleka kwenye beseni, akafungua maji. Alikiosha ndani, akakiosha nje, akiwa amempa Taneli mgongo.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Nimezeeka, nani atanicheka sasa? Nataka kujifunza kabla sijafa, angalau niyajue. Zile sehemu za mama. Zilikuwa mbili tu, siyo?"

Taneli aliangalia nje, pale garini, ambapo kioo kilikuwa kimeingiwa na ukungu upande wa ndani, upande wa dirisha la bibi.

"Mbili," alisema.

"Mbili nitaziweza," alisema Hilppa, akakifuta kikombe mpaka kikakauka, akakirudisha kwenye rafu.